Kuongeza lugha mpya katika webtrees: kazi ya faili na kazi ya ukoo

Programu ya webtrees, iliyochipuka mwaka 2010 kutoka kwa programu ya nasaba iitwayo PhpGedView, huwekwa kwenye seva yenye PHP (lugha ya programu iliyotumika kuiandika) na hifadhidata, na jamaa waliotawanyika Lushoto, Mombasa na Muscat huingia kwa kivinjari na kuandika nasaba yao katika mti mmoja. Kiswahili tayari kimo katika orodha ya lugha zake, na Kilingala pia. Mwongozo huu unamhusu anayetaka kuongeza lugha ambayo bado haimo. Kwa upande wa faili nimechukua mfano wa Kishambaa, na kwa upande wa tafsiri nimetumia Kiswahili, kwa kuwa mitego yake inafanana na ya lugha nyingi za Kibantu.

Usianze na kompyuta. Anza na daftari na wazee wawili watatu, uandike majina yote ya ukoo pamoja na njia ya damu inayoleta kila jina, kwa maana hapo ndipo tafsiri nyingi huharibika. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama, ilhali sisi tuna mjomba upande mmoja, na upande wa pili baba mkubwa na baba mdogo, au amu kwa watu wa pwani. Bahati nzuri waandishi wa webtrees waliliona jambo hili, na ndani ya faili la tafsiri neno hilohilo hutokea mara kadhaa, kila mara likiwa na mstari wa muktadha juu yake:

msgctxt "father’s sister"
msgid "aunt"
msgstr "shangazi"

msgctxt "mother’s sister"
msgid "aunt"
msgstr "mama mkubwa au mama mdogo"

Mtafsiri asiyeusoma mstari wa kwanza atajaza "shangazi" kote, na dada wa mama atahamishwa upande wa baba bila mtu kukusudia. Jibu la pili hapo juu, lenye "au", ni la muda tu: matoleo ya karibuni huruhusu darasa la lugha, yaani faili la PHP linaloiwakilisha lugha ndani ya programu, kubeba kanuni zake lenyewe za udugu, na kanuni hizo zinaweza kutenganisha mkubwa na mdogo kwa kulinganisha tarehe za kuzaliwa. Vizazi vya chini navyo viamuliwe mapema. Mjukuu na kitukuu havina ubishi, lakini kuanzia kilembwe na kilembwekeza utakuta kila nyumba ina neno lake, na hapo inabidi uchague moja na kulishikilia hadi mwisho.

Baada ya daftari, faili. Nakili kiolezo cha webtrees.pot kilichomo katika folda ya resources/lang, ukiweke ndani ya folda mpya yenye msimbo wa lugha yako, kwa Kishambaa ksb, na ukiite messages.po. Kifungue kwa Poedit, programu ya kuhariri mafaili ya tafsiri, au kihariri chochote kinachohifadhi kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8. Kisha nenda app/Module, nakili LanguageSwahili.php, uipe jina la lugha yako, na ubadilishe mahali panapotaja lokali, yaani kanuni za lugha husika kama za tarehe na namba. Lokali hizo hutoka katika maktaba iliyojengwa juu ya CLDR, hazina ya kimataifa ya kanuni za lugha, ambayo ina Kishambaa, Kimakonde, Kibena, Kikuyu na Kijaluo miongoni mwa nyingine. Darasa jipya lisipoandikishwa katika orodha ya moduli (vipande vya programu) za msingi iliyomo ndani ya ModuleService, programu haitalijua kamwe.

Katika kutafsiri, alama kama %s na %1$s ni nafasi za majina na namba zitakazoingizwa baadaye. Zenye namba unaweza kuzihamisha popote sentensi inapozitaka, lakini usiongeze wala usipunguze hata moja. Mimi niliwahi kuandika %s mbili mahali palipotaka moja, na ukurasa mzima wa mtu ukakataa kufunguka kwa sababu PHP 8 haisamehi kosa hilo. Nilipoteza jioni nzima nikiilaumu seva. Katika wingi, kumbuka kwamba kwetu namba hufuata nomino: "mtu %s" kwa umoja na "watu %s" kwa wingi.

Upatanisho wa ngeli unahitaji uangalifu zaidi, kwani Kiingereza husema "imepatikana" kwa namna moja, iwe ni watu, familia au picha, nawe hujui kila mara ni kipi kitakachotajwa. Nimeona ni salama zaidi kutumia nomino kuliko kitenzi. "Kuzaliwa", "Ndoa" na "Kifo" hukaa vizuri juu ya safu yoyote ya jedwali, ilhali "ameoa" haimfai mwanamke na "ameolewa" haimfai mwanamume.

Tarehe zinataka sikio. Kwa tarehe ya kukisia wengi huandika "mnamo 1920", lakini msomaji wa Kiswahili amezoea kusoma "mnamo tarehe 9 Desemba 1961", siku inayojulikana bila shaka yoyote. "Karibu na mwaka 1920" inaeleza kisio waziwazi. Programu ina pia kalenda ya Hijria, na hapo mtafsiri wa Kiswahili ana hazina yake: Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhulhija ni Mfunguo Tatu, na mwezi wa Maulidi ni Mfunguo Sita. Kama watumiaji wako ni vijana wasiohesabu hivyo, tumia majina ya Kiarabu, ila usichanganye mifumo miwili katika orodha moja. Lebo na vifupisho vya GEDCOM, muundo wa faili wa kubadilishana data za nasaba, kama BIRT, MARR na ABT, pamoja na JAN na FEB zilizomo katika data, haviguswi. Kinachotafsiriwa ni kile tu kinachoonekana kwenye skrini.

Ukimaliza sehemu, hata kama ni robo tu, endesha amri php index.php compile-po-files katika folda kuu ya programu, ingia kama msimamizi, fungua sehemu ya moduli za lugha na uiwashe lugha yako. Yasiyotafsiriwa yatabaki kwa Kiingereza bila kuvunja kitu. Jaribu kwa mti mdogo wenye shangazi, mjomba, mapacha na mtoto wa kulea, omba programu ikuonyeshe uhusiano wa kila mmoja na mwenzake, na umketishe mzee mmoja wa daftari lile mbele ya skrini asome kwa sauti.

Mabadiliko uliyoyafanya katika mafaili ya msingi yatafutwa siku utakapopandisha toleo. Kwa hiyo ama uitume kazi yako kwa mradi wenyewe, ambako itatunzwa pamoja na lugha nyingine, ama uigeuze kuwa moduli ndani ya folda ya modules_v4, ambayo haiguswi na toleo jipya.