Somo: Kuchagua lenzi ndefu ya kupiga ndege na wanyamapori

Anayetafuta lenzi ndefu kwa kawaida huuliza ipi inavuta zaidi. Mimi humrudishia maswali: unapiga mnyama gani, ukiwa umbali gani naye, na utaibeba hiyo lenzi kwa muda gani mkononi? Akishajibu, orodha ndefu ya lenzi hujichuja yenyewe, zikabaki mbili au tatu. Somo linafuata mpangilio huo. Bei siigusi, kila mtu anaujua mfuko wake.

Hatua ya 1: Mpime mnyama kwa hesabu

Chukua urefu wa mnyama, zidisha kwa milimita za lenzi (urefu wake wa fokasi, namba iliyoandikwa juu yake), gawa kwa umbali. Unachopata ni ukubwa wa taswira yake juu ya sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Ndege wa sentimita 15 akiwa mita 10 mbele ya lenzi ya milimita 600 anachukua milimita 9. Sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36, kwa hiyo amejaza robo ya upana. Hiyo ni picha nzuri, unaweza kuikata kidogo na bado ikachapishika.

Ndege yuleyule kwa lenzi ya 300 anachukua milimita 4.5. Watu husema, "Si nusu tu?" Nusu ya urefu, ndiyo, lakini eneo ni robo. Kamera ya megapikseli 24 ukiikata picha ya 300 mpaka ifanane na ya 600, unabaki na megapikseli 6. Kwa ndege wadogo, basi, milimita hazina mbadala: 400 ni mwanzo, 500 au 600 ndipo mahali pa kutulia.

Sasa geuza. Tembo mwenye kimo cha mita 3 akiwa mita 40 kutoka kwako, kwa lenzi ya 400, anachukua milimita 30 za kimo. Sensa hiyo ina kimo cha milimita 24. Haingii mzima! Utarudi na picha za masikio na mikonga. Wanyama wakubwa wanataka zumu (lenzi ya kubadili milimita) inayoanzia 100 au 150, na wengi wanaojuta baada ya kununua 600 isiyo na zumu ni wale ambao hasa hupiga wanyama wakubwa.

Kuhusu sensa ndogo: kipimo cha kulinganisha na fremu kamili ni mara 1.5 kwa Nikon, Sony na Fujifilm, 1.6 kwa Canon, na 2 kwa OM System na kamera ndogo za Lumix. Sensa ndogo hairefushi lenzi. Taswira ya ndege inabaki milimita 9 zilezile, ila pembeni pamekatwa. Faida huja pale pikseli zinapokuwa zimesongamana zaidi. Nikon D850 ya megapikseli 45.7, ukiiweka kwenye ukataji wa DX (jina la Nikon la sensa ndogo), inakupa takriban 19. Mwenye kamera ya DX ya megapikseli 20 hajaachwa nyuma kwa lolote hapo.

Hatua ya 2: Amua tundu, na kwa hiyo amua uzito

Hapa ndipo ubishi ulipo, nami nitakaa kidogo.

Namba ya f ni milimita za lenzi zikigawanywa kwa kipenyo cha tundu la mwanga. Lenzi ya 600 f/4 inahitaji kipenyo cha milimita 150. Ya 600 f/6.3 inahitaji 95 hivi. Kioo cha mbele cha kipenyo kile hakiwezi kuwa chepesi hata mhandisi afanye nini, na ndiyo maana Sony 600mm f/4 GM, ambayo inasifiwa kwa wepesi katika kundi lake, bado ina gramu 3,040. Nikon Z 600mm f/6.3 ya mwaka 2023 ina gramu 1,470 pamoja na pete ya stendi. Ni chini ya nusu.

Unapoteza nini? Stopu moja na theluthi (kila stopu ni nusu ya mwanga). Ulipokuwa ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 1600 sasa uko 4000. Kwa sensa za miaka hii, pamoja na programu za kusafisha chenga (punjepunje za ISO kubwa), mimi naona hiyo ni gharama ndogo. Lenzi ya kilo tatu iliyoachwa kwenye begi haipigi ndege yeyote.

Wenye f/4 watasema mandharinyuma yanafifia vizuri zaidi. Kweli, lakini tazama namba: kwa 600 katika f/6.3, ndege akiwa mita 10, eneo lililo kali lina kina cha sentimita 10 tu. Akiwa mita 5, halifiki sentimita 3, na utapata jicho kali huku mkia umeyeyuka. Mandhari hufifia hasa kwa sababu yako mbali na ndege. Ukishuka chini, usawa wa macho yake, majani ya nyuma yanasogea mbali na kazi imekwisha. Pale f/4 inaposhinda bila ubishi ni alfajiri, ndani ya msitu, na unapotaka kuongeza telekonvata (kipande cha vioo kati ya lenzi na kamera kinachoongeza milimita).

Upande wa pili kuna Canon RF 600mm na 800mm za f/11, zote za mwaka 2020, gramu 930 na 1,260. Tundu lake halibadiliki, ni f/11 daima. Kwenye jua la wazi zinafanya kazi ya kushangaza. Jua likizama nyuma ya miti, funga begi.

Hatua ya 3: Zumu au urefu mmoja

Kwa mtu anayeanza, zumu. Sina sababu ndefu: hujui bado unapenda kupiga nini.

Makundi ni machache. Kuna 100-400, nyepesi, nzuri kwa kutembea nayo kutwa. Canon RF 100-400 f/5.6-8 ina gramu 635 tu, ingawa hiyo f/8 inataka mwanga. Kuna 150-600 za Sigma na Tamron, ambazo zimewaingiza watu wengi kwenye upigaji wa ndege. Sigma ya 150-600 ya kamera za kioo (DSLR) imetoka kwa sura mbili, Contemporary ya gramu 1,930 na Sports ya gramu 2,860. Usichanganye unapoagiza, karibu kilo nzima inazitenganisha. Kuna Sony 200-600 ya mwaka 2019 na Nikon Z 180-600 ya mwaka 2023, ambazo hazirefuki unapovuta. Hilo la kutorefuka lina maana kuliko linavyosikika. Uzito haukimbilii mbele, na stendi haihitaji kurekebishwa kila unapozungusha. Canon RF 200-800, ya mwaka 2023 pia, inafika mbali kuliko hizo zote, ila ikifika 800 tundu lake ni f/9.

Jambo moja la zumu ambalo karatasi ya maelezo haisemi: wengi huitumia kwenye milimita za mwisho karibu muda wote. Kwa hiyo usiipime kwa 200. Ipime kwa 600.

Hatua ya 4: Fokasi na kidhibiti cha mtikisiko

Kidhibiti kinatuliza mikono yako. Hakitulizi mabawa. Mbayuwayu akiwa hewani unahitaji kasi ya 1/2000 ya sekunde au zaidi, na kwa kasi hiyo kidhibiti kinachangia kidogo tu, zaidi kwa kutuliza unachokiona kwenye kitafutio. Ndiyo maana Canon EF 400mm f/5.6L ya mwaka 1993, isiyo na kidhibiti chochote, bado ina wapenzi wa ndege warukao: ina gramu 1,250 na fokasi yake ina mbio.

Tafuta swichi ya kuzuia masafa ya fokasi. Ukiiweka isishughulike na vitu vya karibu, lenzi haitapoteza sekunde ikisafiri mpaka kwenye nyasi na kurudi.

Angalia pia umbali mfupi zaidi inaoweza kufokasi. Nikon 200-500 inafika mita 2.2. Ile Canon ya 800 f/11 inahitaji mita 6, na ndege mdogo akitua mbele ya kibanda chako cha kujificha utabaki unamtazama kwa macho.

Hatua ya 5: Ijaribu kabla ya kuilipia

Weka kitu chenye maandishi madogo umbali wa mita 10 hadi 15, tundu wazi kabisa, milimita za mwisho, kasi 1/2000. Piga mfululizo, ukiivuruga fokasi kabla ya kila picha. Kuza asilimia mia. Unataka kuona picha nyingi kali, si moja nzuri ya bahati. Kisha piga ukuta wenye matofali ukiukabili sawasawa. Upande mmoja ukiwa laini kuliko mwingine, huenda vioo vya ndani vimekaa upande.

Kama imetumika, mulika tochi kutoka nyuma. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzinyuzi kama za buibui ni kuvu, iache. Zungusha zumu ukisikiliza: mkwaruzo ni mchanga.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nina 70-300 f/4.5-5.6. Nikiongeza telekonvata ya 1.4 si nitapata 420?

Kwa milimita, ndiyo. Lakini inakula stopu moja, f/5.6 inakuwa f/8, na kamera nyingi za zamani zenye kioo huacha kufokasi zenyewe hapo. Isitoshe, 70-300 nyingi hazipokei telekonvata ya kampuni yake. Kioo cha nyuma kinagongana nayo. Kata picha na jifunze kusogea. Telekonvata ifikirie ukiwa na lenzi ya f/4 au f/2.8.

Swali: Mkuu, mimi natumia Nikon D90. Nimepata 200-500 f/5.6 iliyotumika, niichukue?

Subiri, ndugu. Hiyo ni lenzi ya aina ya E, tundu lake linaendeshwa kwa umeme, na D90 haiwezi kulibadilisha. Utapiga kwa f/5.6 tu. Kwa ndege huenda usijali, maana ndiko utakakokuwa muda mwingi, lakini jua hilo kabla hujatoa pesa. Ukibadilisha kamera baadaye, lenzi itaamka.

Swali: Kwenye Sony kuna sababu ya kukwepa lenzi za kampuni nyingine?

Kwa ukali wa picha, hapana. Sigma 150-600 ya kamera zisizo na kioo ni lenzi nzuri. Mipaka iko miwili. Kwenye kamera kama A1 na A9, lenzi za nje huishia picha 15 kwa sekunde. Na telekonvata za Sony haziingii kwenye lenzi hizo. Kama hupigi ndege warukao kwa kasi kubwa na huhitaji telekonvata, hutahisi chochote.

Swali: Bega langu halipendi uzito, mwalimu. Stendi ya miguu mitatu au ya mguu mmoja?

Dada yangu, inategemea kama unakaa au unatembea. Ukikaa sehemu moja ukisubiri, miguu mitatu yenye kichwa cha gimbali, kile kinachoibeba lenzi ikielea, ni raha tupu. Ukitembea, mguu mmoja unatosha. Ukiwa ndani ya gari, achana na vyote: kifuko cha maharage au mchele juu ya ukingo wa dirisha. Na usiibebe kwa mkanda wa kamera. Funga mkanda kwenye mguu wa lenzi, la sivyo uzito wote unaning'inia kwenye shingo ya kamera.

Ila kwa bega linalouma, jibu la kweli liko Hatua ya 2. Tafuta iliyo chini ya kilo moja na nusu.

Swali: Niweke filta ya kulinda kioo?

Ya bei rahisi inaharibu lenzi ndefu kwa namna ambayo hutaiona kwenye lenzi fupi. Weka kofia ya lenzi (hudi ya mbele, si kifuniko), inalinda vizuri na haigusi picha. Sehemu za chumvi inayorushwa na bahari, weka filta nzuri, ukitoka ondoa.

Swali: Rafiki yangu ana lenzi kama yangu ya 600, picha zake zinakata (ni kali), zangu laini. Nimeuziwa mbovu?

Inawezekana, lakini kagua kwanza kwa mpangilio huu. Kasi yako ni ipi? Chini ya 1/1000 kwa ndege anayechezacheza, chanzo huenda ni hicho. Ulipiga saa ngapi? Ardhi ikishapata moto hewa inacheza, na kwa mita 80 au 100 hakuna lenzi itakayokata, ya nani wala ya nani. Ulikuwa ndani ya gari? Hewa ya ndani ikitofautiana joto na ya nje, inatikisika palepale kwenye dirisha mbele ya kioo chako. Fungua madirisha yote mapema, zima injini, usubiri. Ulikuwa kwenye stendi? Vidhibiti vya baadhi ya lenzi za zamani huchanganyikiwa vikiwekwa juu ya kitu kilichotulia, vizime.

Baada ya hapo omba lenzi yake, ifunge kwenye kamera yako, mpige vitu vilevile mita 10 asubuhi mapema. Yake ikikata na yako ikagoma kwenye kamera ileile, irudishe ulikoinunua wakati dhamana bado ipo.