Kadi yako kuu isife kizembe: jinsi ya kuilinda kwenye deki ya Magic

Kama unacheza Magic: The Gathering (gemu ya kadi) na deki yako yote, yaani fungu lako la kadi, inategemea kiumbe kimoja, kitu cha kwanza ni subira, usimshushe mezani hana kinga. Najua ukishamvuta mkono unawasha, mana 4 (nguvu ya kulipia kadi) unazo na yeye ni wa mana 4 basi unamshusha hapohapo, mwenzako anatoa Swords to Plowshares kwa mana 1 tu nyeupe na ndo ameenda, yupo nje ya gemu, hata kaburini (rundo la kadi zilizokufa au kutumika) hayupo. Ngoja mpaka uwe na mana 6 umshushe ubaki na 2 za bluu za Counterspell, wakijaribu kumuua unaizima kadi yao palepale. Kwangu mimi hii ndo nusu ya kazi.

Halafu jiulize unaocheza nao wanaua vipi, maana kila kinga ina tundu lake na hapa ndo watu wengi wanaumia. Hexproof inazuia mpinzani asimlenge kiumbe wako, sawa, ila Wrath of God hailengi mtu, inafagia viumbe vyote mezani na wako anaenda nao. Indestructible, yaani kiumbe asiyeharibiwa, inahimili fagio hilo lakini haizuii kutupwa nje ya gemu, na akipunguzwa uimara ukafika 0 anakufa vilevile. Afu kuna Diabolic Edict, hiyo inakulenga wewe mchezaji, unalazimika kutoa kafara kiumbe mmoja, unachagua wewe, kwa hiyo kama yupo peke yake mezani umekwisha, weka tokeni (viumbe vidogo vinavyotengenezwa na kadi nyingine) mbili tatu pembeni yake hata kama ni dhaifu kabisa, zife zenyewe.

Kadi za kumvisha kiumbe wako kama kinga, Lightning Greaves haina gharama ya kuvisha ila shroud yake (asilengwe na yeyote) inakuzuia hata wewe kumlenga kiumbe wako, Swiftfoot Boots inataka mana 1 na inakuachia uhuru huo, kama unapenda kumuongezea vitu we chukua Boots.

Akiwa bado mkononi naye hayuko salama, Thoughtseize ya mana 1 nyeusi inamfanya mpinzani aone mkono wako wote na akuchagulie cha kutupa. Dawa ni kuweka kopi 4 kwenye deki ya kadi 60, na Reanimate kama unacheza nyeusi, inamtoa kaburini kwa mana 1 ila unapoteza maisha sawa na gharama yake ya mana, so angalia maisha yako kwanza. Kwenye Commander (aina ya mchezo ambapo kiumbe mmoja ni kamanda wa deki) kopi ni 1 tu ila kamanda wako akifa unaweza kumrudisha eneo lake, kila ukimtoa tena pale unaongeza mana 2.

Kadi za ulinzi mimi naweka 6 mpaka 8 kwenye 60, zikizidi hapo unajikuta umeshika ngao mkono mzima na hakuna wa kumkinga.