Kuwapeleka wageni Isimani na Nyololo: mwongozo kwa waongoza wageni wa Iringa

Kalenga kuna makumbusho, kiingilio na mtu wa kueleza habari za fuvu la Mkwawa. Isimani na Nyololo hakuna utaratibu wa namna hiyo, kwa hiyo mgeni akiomba kuona "pale alipouawa Kleruu" au "pale alipofia Mwangosi" (yule mkuu wa mkoa aliyepigwa risasi Isimani mwaka 1971, na mwandishi aliyeuawa Nyololo mwaka 2012), kazi yote inakuangukia wewe: kibali, maelezo na heshima ya mahali.

Anza na serikali ya kijiji, siku mbili tatu kabla. Mwambie mtendaji mnakuja wangapi, saa ngapi, na kama kuna kamera kubwa. Droni isiyo na kibali iache mjini. Kama kuna mchango, ulipwe ofisini kwa stakabadhi. Ukimpa kijana wa barabarani elfu tano mkononi, safari ijayo utakuta watano wanakungoja, na mwenye shamba ambaye hakupata kitu atawazuia kupita. Tena atakuwa na haki. Mkifika, salamu kwanza: "Kamwene", salamu ya Kihehe, ya mgeni anayeikosea matamshi hufungua mlango kuliko hotuba yako.

Kundi lisizidi watu wanane, yaani Noah mbili. Coaster iliyojaa huonekana kama mkutano.

Kwa Isimani, ondokeni Iringa mjini saa moja asubuhi kwa barabara ya Dodoma. Kuanzia Agosti hadi mvua zije ni jua kali na vumbi: maji lita moja na nusu kwa kila mtu, na kofia. Mahindi yakiwa shambani, hakuna kukatisha katikati ya mistari kutafuta picha.

Habari isimulieni garini, kabla ya kufika. Mahali pa tukio la kisiasa mara nyingi ni pa kawaida kabisa. Hata Marekani, gereji ya Rosslyn ambako mwandishi wa habari Bob Woodward alikutana kwa siri na Mark Felt wa FBI wakati wa kashfa ya Watergate iliyomwangusha Rais Nixon ni maegesho ya magari tu. Kinachowasimamisha wapita njia ni kibao kilichowekwa nje mwaka 2011. Mgeni akifika Isimani bila maelezo ataona mnara wa kumbukumbu, shamba na barabara, apige picha mbili, aombe soda.

Mpe mambo haya kwa mpangilio. Miaka ya 1950 na 1960 Isimani ilikuwa nchi ya mahindi ya biashara, yenye wakulima wa matrekta. Azimio la Arusha likaja mwaka 1967, kisha msukumo wa vijiji vya ujamaa. Dk. Wilbert Kleruu, aliyewahi kuwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara, akaletwa Iringa kwa wadhifa huo huo. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, alimkuta mkulima Said Mwamwindi akilima. Wakagombana, Mwamwindi akampiga risasi. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaupeleka polisi Iringa na kujisalimisha. Mahakama Kuu ilimhukumu kunyongwa mwaka 1972.

Hapo ndipo kundi hugawanyika: mmoja atasema Kleruu alikuwa dikteta, mwingine atasema Mwamwindi alikuwa bepari. Usiamue. Eleza kwamba upande mmoja kulikuwa na mtumishi aliyetekeleza sera ya nchi, upande wa pili mkulima aliyeona shamba lake linakwenda. Mgeni akidai umwonyeshe alipoangukia hasa, mwonyeshe mnara, basi. Waongozaji wanaochagua kichaka chochote na kusema "ni hapa" hukamatwa uongo siku mgeni anaporudi na mwongozaji mwingine. Maneno makali ambayo watu husimulia kwamba yalitamkwa shambani, yatangulize kila mara kwa "inasemekana".

Nyololo iwe siku nyingine. Ni kwenye barabara kuu ya Mbeya, ukishapita Mafinga, kabla ya Makambako. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi polisi walipotawanya watu kwenye ufunguzi wa tawi la CHADEMA. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Jeraha hili bado bichi: wapo wenzake Mwangosi walioshuhudia, ipo familia. Picha za siku ile zilisambaa sana. Usizionyeshe hata kwenye simu, na mgeni akizitoa mwombe azifunge. Asivae mtu fulana ya chama chochote, na wiki za kampeni ahirisha safari. Dakika ishirini zinatosha.

Kituo cha polisi wala askari msipige picha. Kurudi, muwe barabarani kabla ya saa tisa alasiri: Mufindi ukungu hushuka mapema msimu wa baridi, na malori ya Tunduma hayapungui.