Kwenda Nguzo ya Vasco da Gama ukitokea Nairobi

Wengi wetu wa Nairobi tukifika kwenye nguzo hii ya Malindi hupiga picha mbili tatu, kisha hao, tuktuk. Nakuomba ukae pale japo saa nzima.

Panda treni ya SGR ya asubuhi pale Syokimau. Tiketi kata mapema kwa simu, hasa shule zikifungwa, na ubebe kitambulisho. Utakihitaji pia langoni kwenye nguzo, kwa sababu kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Kutoka Mombasa kuna matatu za Malindi, safari ya kama kilomita 120. Ukifika utakuwa hoi, kwa hiyo lala, nguzo uiache mpaka kesho.

Asubuhi fuata barabara ya ufuoni kuelekea kusini. Tuktuk zipo, lakini kutembea ni bora, maana utapita kwenye kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti.

Kilima chenyewe ni mwamba wa matumbawe uliochomoza baharini. Si kirefu. Mama yangu anasumbuliwa na magoti na alifika juu polepole bila kushikwa mkono. Mwenye watoto asiwaachie wakimbilie ukingoni, kwani mawimbi huula mwamba kutoka chini. Nguzo ni nyeupe, pana chini na nyembamba juu, na kileleni ina msalaba wa jiwe lililotoka Ureno. Utafute nembo ya Ureno iliyochongwa juu yake.

Hapo ndipo ukae na kufikiri. Da Gama, nahodha Mreno aliyekuwa akitafuta njia ya baharini ya kwenda India, alifika Malindi Aprili 1498, baada ya kutopokewa vizuri Mombasa. Mtawala wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Ilikuwa majira ya kusi kuanza, upepo unaosukuma vyombo kwenda kaskazini mashariki, na mwezi Mei walikuwa Calicut, mji wa pwani ya India. Kwa hiyo mimi nikiitazama nguzo ile namkumbuka zaidi yule rubani, na mabaharia wa bahari hii waliozijua pepo zake kabla Mreno hajaja.

Kisha geuka kaskazini. Ukienda wakati wa mvua utaona maji ya ghuba yamekuwa mekundu kwa udongo. Unaletwa na Mto Sabaki, na sehemu ya maji hayo ni yetu. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukaingia Athi, Athi ukaitwa Galana, kisha Sabaki. Waonyeshe watoto. Wakirudi mjini wataelewa kwa nini mtu asitupe chupa mtoni.

Anayetaka maji ya buluu aende Januari au Februari. Na kwa picha nzuri, saa kumi jioni jua huwa mgongoni mwako ukiielekea bahari, nguzo ikang'aa yote.