Kimbunga kikiwa Msumbiji, usikimbilie kupanda

Redio ikitangaza kimbunga katika Bahari ya Hindi, wakulima wengi wa Arusha na Moshi huuliza kama kitafika huku. Hakifiki. Tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na vimbunga vya bahari kwa kawaida huzaliwa mbali zaidi, kuanzia nyuzi tano hivi, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuusokota upepo. Vikigusa nchi kavu hukosa mvuke wa bahari na kufifia. Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 4, 2024 kilipungua nguvu hapo hapo pwani.

Swali la kuuliza ni kiko wapi, kwa sababu msimu wa vimbunga, Novemba hadi Aprili, unaangukia juu ya kalenda yetu, na hatari kubwa ni Machi, wakati masika yanatarajiwa kuanza. Kimbunga kikikaa upande wa Msumbiji mara nyingi huvuta unyevu kuelekea kwake, na huku tunabaki na anga kavu. Machi 2019 Idai kilipoipiga Beira, masika ya kaskazini yalichelewa. Kikikaa mashariki ya Madagaska mambo huweza kugeuka: upepo wenye unyevu huja kwetu kutoka upande wa Kongo. Machi 2018, wakati Dumazile na Eliakim vikiwa upande huo, Afrika Mashariki ilipata mvua kubwa kupita kiasi. Si kanuni isiyovunjika, ila inatosha kumfanya mtu afikiri kabla ya kufungua mfuko wa mbegu.

Hasara kubwa ninayoiona haitokani na mafuriko. Inatokana na manyunyu ya siku mbili mwanzoni mwa Machi. Vumbi linatulia, jirani anaanza kupanda, na wewe unaona aibu kubaki nyuma. Mbegu inaota, kisha jua linawaka wiki mbili. Miche inakauka, mbegu ya chotara uliyoinunua kwa bei imekwisha, na mbolea ya kupandia iko ardhini bila mmea wa kuitumia. Mvua ya kweli inapokuja, mfuko umebaki mtupu.

Kwa hiyo pima udongo, usipime mawingu. Chimba kwa jembe sehemu tatu au nne za shamba. Unyevu ukiwa umeshuka shubiri nzima, na udongo ukiufinya unashikana bila kuchuruzika maji, panda. Ukikuta vumbi ukishapita kina cha vidole vinne, subiri. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi, pamoja na rula ya mtoto wa shule, vinakupa kipimo cha mvua: milimita 30 hivi ndani ya siku chache ni mwanzo wa kuaminika, hasa kama taarifa ya siku kumi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaonyesha mvua kuendelea.

Wapo wanaopanda kwenye vumbi kwa sababu trekta ni la kukodi na zamu haisubiri. Siwalaumu. Lakini wapande mahindi, wayaache maharage, na wafukie mbegu sentimita 7 hivi ili manyunyu yasiidanganye. Vilevile usimalize shamba lote kwa siku moja. Panda nusu, nusu nyingine baada ya wiki moja au mbili. Kwa maeneo makavu kama Kisongo na Oldonyo Sambu, au tambarare za Moshi zisizo na umwagiliaji, chagua mbegu ya muda mfupi. Situka M1, iliyotokana na utafiti wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, ni mojawapo. Masika yakichelewa usishikilie mbegu ya miezi mitano kwa sababu tu mwaka jana ilizaa vizuri.

Mwaka wa mvua nyingi una kazi yake, na kazi hiyo hufanywa Januari na Februari udongo ukiwa mkavu. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro inahitaji makinga maji (mitaro na matuta ya kuzuia maji) yanayofuata kontua, yaani mstari ulio sawa kimo kukata mteremko, yaliyopimwa kwa fremu ya A (miti iliyofungwa kama herufi A, ya kupimia usawa) na kupandwa nyasi za malisho kama magugu tembo au guatemala kwenye tuta. Hapa nisisitize: kingamaji lisilo na njia salama ya kutolea maji ni baya kuliko kutokuwa nalo. Maji hujikusanya, tuta linapasuka, na korongo linazaliwa kwa jirani wa chini. Kubalianeni wote wa mteremko mmoja maji yatokee wapi, na njia hiyo ipandwe nyasi. Wenye mifongo, mifereji ya asili ya umwagiliaji, wafunge banio (mlango wa kuingizia maji) mapema mvua kubwa inapotangazwa. Mfereji uliofurika hukata kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, usiku mmoja. Kwenye tambarare za Kahe na Mabogini maji yanatoka milimani, kwa hiyo angalia mvua ya Kibosho na Marangu huko juu hata kama kwako kunawaka jua.

Yurea usiimwage siku moja kabla ya mvua kubwa. Igawe mara mbili, na uifukie.

Kwenye migomba, acha mama, mtoto na mjukuu tu, ondoa majani makavu, na egemeza kwa nguzo kila mgomba wenye mkungu. Upepo wa mvua huangusha kwanza ile yenye mizizi iliyo wazi, kwa hiyo rundika udongo na matandazo kwenye shina. Kahawa ipogolewe hewa ipite. Unyevu ukikaa siku nyingi chulebuni, ugonjwa wa ukungu wa kahawa, hushambulia matunda machanga, na mwenye mibuni ya aina za zamani apige dawa mapema kwa ushauri wa afisa ugani wake.

Mvua zikivuka msimu wake, mahindi yaliyokomaa yasibaki shambani yakinyeshewa. Vuna, menya, anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Punje ikikauka vizuri hukatika kwa sauti ukiing'ata. Ikibonyea, irudishe juani, maana ukiihifadhi hivyo unakaribisha sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ghalani.