Umechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja: namna ya kuthibitisha kimoja bila kupoteza nafasi

Jina likitokea vyuo viwili au vitatu, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) haikuchagulii. Unatumiwa namba maalumu ya uthibitisho, nawe unaiingiza kwenye mfumo wa chuo unachokitaka. Aliyepata chuo kimoja tu hatua ya 3 haimhusu, ila nyingine azisome, hasa ya hesabu.

Hatua ya 1: Hakikisha laini ya simu iko hewani

Namba ya uthibitisho huja kwa ujumbe kwenye simu uliyojaza wakati wa kuomba. Hapa ndipo vijana wengi wa huku kusini hukwama. Ukijaziwa maombi steshenari, Masasi au Nachingwea, huenda iliandikwa namba ya mwenye steshenari, na nywila yako imebaki kwenye daftari lake. Mfuate mapema ukiwa na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, chukua nywila, kisha uibadilishe mwenyewe.

Laini ikiwa imepotea, irudishe kwa mtandao husika. Kama ilisajiliwa kwa jina la mama, ni lazima mama aende mwenyewe, kwa sababu usajili ni wa alama za vidole. Mama akiwa Newala na wewe uko Mtwara mjini, siku mbili zinaweza kuisha hapo.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kuchagua

Watu huchagua jina la chuo, kisha Oktoba wanatafuta ada. Anza na maelekezo ya kujiunga ya kila chuo kilichokuchagua. Tuseme ada ni 1,200,000 kwa mwaka na chuo kinaruhusu kulipa nusu wakati wa kusajili: hiyo ni 600,000. Ongeza bima ya afya ya NHIF 50,400 na 20,000 ya TCU ya udhibiti ubora. Umefika 670,400, na bado hujaweka hosteli, godoro wala nauli.

Sasa angalia fedha inaingia lini. Kama mzazi anategemea korosho, minada huanza Oktoba, na baada ya mnada malipo huchukua siku kadhaa kufika kwenye akaunti ya mkulima. Chuo kinaweza kufungua kabla ya hapo. Mzazi aambiwe tarehe na kiasi mapema, sio wiki ya safari.

Mkopo nao usiuhesabu kama fedha ya siku ya kwanza. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, linakuja baada ya kusajiliwa chuoni na kusaini, kwa hiyo beba chakula cha wiki kadhaa. Kwa familia yenye kipato kidogo, chuo cha karibu chenye kozi hiyohiyo kina nafuu ya kweli: anayesoma Mtwara akitokea Mikindani anaweza kulala kwao, anayekwenda Dar es Salaam analipia chumba.

Hatua ya 3: Thibitisha

Ingia kwenye akaunti uliyoombea ya chuo ulichochagua, fungua sehemu ya kuthibitisha, andika namba uliyotumiwa na utume. Iandike kwa mkono, maana ukiinakili mara nyingine nafasi tupu hubaki mwishoni na mfumo huikataa. Kagua pia usichanganye sifuri na herufi O.

Ujumbe usipokuja, ndani ya akaunti hiyohiyo omba utumiwe tena. Usingoje usiku wa mwisho, mifumo huelemewa. Kuthibitisha hakulipiwi, anayetaka "elfu kumi ya kukuthibitishia" usimpe hiyo namba, kwa sababu akikosea chuo, wewe ndiye utakayehangaika kujitoa kabla dirisha halijafungwa.

Toka, ingia tena, uone kama hali imebadilika kuwa umethibitisha. Piga picha ya ukurasa huo.

Hatua ya 4: Maandalizi

Fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe hospitali ya serikali, kama Ligula au Sokoine, na iwe na muhuri. Isiyo na muhuri hurudishwa. Ada lipa kwa namba ya kumbukumbu uliyoitoa wewe mwenyewe kwenye akaunti yako, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu. Vyeti halisi vya kidato cha nne na sita pamoja na cha kuzaliwa weka kwenye begi la mkononi. Begi la buti la basi linaweza kushushwa Kibiti kwa makosa.