Kupima joto la plazima kwa eksirei, hatua kwa hatua

Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi yetu. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kupokea eksirei za angani, na ilibidi ipae juu ya hewa kwa sababu eksirei laini hazipenyi hewa. Zile zenye nishati ya takriban keV 3 (elektronivolti, eV, elfu tatu) tutakazotumia hapa hufifia ndani ya sentimita chache. Kila nikikaa Malindi kuchambua data za tokamaki, yaani mtambo unaoshikilia kwa sumaku plazima (gesi ya moto mno ambayo atomi zake zimevuliwa elektroni), naanzia hapo.

Hatua ya 1: njia. Kati ya plazima na fuwele inayotenganisha eksirei kwa urefu wa wimbi kuwe na ombwe au heliamu, na dirisha jembamba la beriliamu. Hewa ikivuja, mwanga uliopotea haurudishwi na hesabu yoyote.

Hatua ya 2: agoni. Kwenye joto la digrii milioni kumi na zaidi, haidrojeni imeshavuliwa elektroni yake, haina mistari ya kukuonyesha, yaani mawimbi maalumu ambayo elektroni za atomi hutoa. Ndiyo maana tunatia gesi ya agoni kidogo. Kidogo kweli, maana ikizidi inapoza plazima. Agoni iliyobakiwa na elektroni mbili hutoa mstari mkali uitwao w, kwenye urefu wa wimbi wa angstromu 3.949 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Ukiuona kwenye skrini umesimama kushoto, na mistari mingine ya agoni hiyo, x, y na z, ikiufuata kulia kwenye mawimbi marefu zaidi, ujue umefika.

Hatua ya 3: fuwele. Kwa kwatzi yenye 2d ya angstromu 4.913 (d ni nafasi kati ya tabaka za atomi), kanuni ya Bragg (λ = 2d sin θ, λ ikiwa urefu wa wimbi na θ pembe ya kuakisi) inakupa pembe ya digrii 53.5 hivi. Andika pia joto la fuwele yenyewe. Kwatzi hutanuka, na badiliko la digrii moja tu linasogeza mstari kana kwamba plazima inakwenda kilomita 4 kwa sekunde, kumbe imetulia.

Hatua ya 4: upana. Hapa usiende mbio. Pikipiki ikipita barabara ya Lamu huku honi imeshikiliwa, sauti huwa nyembamba ikija na nene ikienda. Ayoni, yaani atomi zilizovuliwa elektroni, nazo zinakuja na kwenda, kwa hiyo mstari unapanuka, na kadiri joto linavyopanda ndivyo unavyozidi:

T (eV) = 1.68 × 10⁸ × A × (Δλ/λ)²

T ni joto la ayoni, A ni uzito wa atomi (wa agoni ni 40), na Δλ ni upana wa mstari kwenye nusu ya kimo chake. Tuseme umepima angstromu 0.0017. Ukiitia moja kwa moja unapata karibu eV 1,250. Lakini kifaa nacho kina upana wake, tuseme 0.0008. Toa kwa miraba: 0.0017² − 0.0008², kisha kipeuo cha pili: 0.0015. Jibu sasa ni kama eV 970, yaani digrii milioni 11. Niliwahi kuisahau hatua hii nikapeleka joto lisilokuwapo, na wenzangu wakapoteza siku mbili kulitafutia sababu. Tangu hapo napima upana wa kifaa kabla ya kufungua data.

Hatua ya 5: majirani wa w. Kuna mistari midogo iliyogandamana na w upande wa kulia. Elektroni zikiwa baridi kiasi, mistari hiyo hupata nguvu na kuunenepesha w, nawe utadhani ni joto la ayoni. Iweke kwenye hesabu yako pamoja na w. Kisha linganisha mstari k, ulio karibu na z, na w wenyewe: uwiano wao ukishuka, elektroni zimepata joto.